Ngano zinapoingia kwenye filamu, ni maadili ya nani yanayolindwa?

KILA inapotoka filamu mpya iliyotokana na ngano ya jadi, huibuka lalamiko lile lile kwamba watengenezaji wameyatupa maadili ya wazee. Lalamiko hilo lilisikika sehemu nyingi duniani Machi 2025, kampuni ya Disney ilipotoa "Snow White" iliyoigizwa na watu halisi. Mwana wa mfalme aliyekuwamo katika filamu ya katuni ya mwaka 1937 hakuonekana tena, na nafasi yake ilichukuliwa na kiongozi wa genge la msituni. Wapo waliosema hadithi imeharibiwa, na wapo waliosema ilistahili kubadilishwa zamani.

Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zikigombea kitu ambacho hakijawahi kutulia. Ndugu wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoichapisha ngano hiyo mwaka 1812, mwanamke mwenye wivu alikuwa mama mzazi wa binti huyo. Katika toleo la mwaka 1819 walimgeuza kuwa mama wa kambo, na hivyo heshima ya mama mzazi ikasalimika. Hata busu linalomwamsha binti halimo katika kitabu chao, liliongezwa baadaye.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika mjadala huo kwa mlango wake yenyewe. Oktoba 2021, Netflix na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) walitangaza shindano la filamu fupi zinazotokana na ngano za Kiafrika. Filamu 6 zilizoshinda zilianza kuonyeshwa Machi 29, 2023, na nusu yake zilitoka Tanzania, Kenya na Uganda.

Filamu ya Mtanzania Walt Mzengi Corey, "Katope", inamhusu mtoto aliyeumbwa kwa udongo, ambaye anaweza kuikomboa jamii yake kutoka katika ukame iwapo atakuwa tayari kuhatarisha uhai wake. Hapa jadi imeheshimiwa, kwa maana mtu ni mtu kwa ajili ya wenzake. Lakini katika "Anyango and the Ogre" ya Mkenya Voline Ogutu, zimwi la hadithi linafananishwa na mume mkatili. Naye Loukman Ali wa Uganda, katika "Katera of the Punishment Island", anakirejea kisiwa cha Akampene katika Ziwa Bunyonyi, ambako zamani Wakiga waliwatelekeza mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Katika filamu hizo mbili, ni mila yenyewe iliyopandishwa kizimbani.

Swali hilo si geni kwa wakazi wa Maretadu, mkoani Manyara. Wairaqw, ambao ndio wengi katika eneo la Mbulu, wanayo masimulizi yanayoweza kuzaa filamu kubwa. Mojawapo ni la kiongozi wao wa kale, Haymu Tipe. Vijana waliotaka vita walimteka mwanawe mdogo, Gemakw, wakamficha msituni, wakamwambia baba atafute adui wa kupigana nao, la sivyo mtoto auawe. Mzee akawaita Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Vijana wengi waliuawa, Haymu Tipe akakimbilia kusini pamoja na waliosalia, na Gemakw naye akafa njiani.

Mtengenezaji wa filamu angeweza kulitoa simulizi hilo kama onyo kwa vijana wasiowasikiliza wazee. Angeweza pia kulitoa kama onyo kwa mzee aliyewaita maadui waje kuwaua watoto wa jamii yake. Maana zote mbili zimo, na msimuliaji ndiye anayeamua ipi ipewe uzito.

Jambo zito zaidi ni lile linaloikaribia Akampene. Kwa Wairaqw wa zamani, mimba ya nje ya ndoa ilihesabiwa kuwa unajisi uliohatarisha ukoo na majirani. Binti alitengwa au kufukuzwa nyumbani, na baadhi yao walipata hifadhi kwa Wadatoga. Watu wale wale wanaotajwa katika simulizi kama maadui ndio waliowafungulia mlango mabinti waliofungiwa mlango na wazazi wao. Filamu itakayotukuza mila za Mbulu bila kumtaja binti huyo itakuwa imechagua upande, hata kama itajiita mlinzi wa maadili.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 inaipa Bodi ya Filamu mamlaka ya kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja. Mamlaka hayo yanaweza kumkinga mtoto asione kisichomfaa, lakini hayawezi kueleza simulizi la Haymu Tipe lina maana gani. Kazi hiyo ni ya wanaolijua kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi isiyo na udugu na lugha za Kibantu, ambayo mizaha na mafumbo yake hayahamishiki kirahisi katika Kiswahili.

Kwa mantiki hiyo, hatari kwa ngano za Mbulu haiko katika kubadilishwa, kwa kuwa zimekuwa zikibadilika kila zilipopita kinywani mwa msimuliaji mwingine. Hatari iko katika kuamuliwa na watu wa mbali, mbele ya wasikilizaji wasioweza kuuliza. Bibi anayesimulia jioni hukatizwa na mjukuu anayetaka kujua kwa nini binti alifukuzwa, na hulazimika kutoa jibu. Filamu haikatizwi. Watakaoipeleka ngano ya Kiiraqw mbele ya kamera wanapaswa kumsikiliza mjukuu huyo kabla ya kuanza kurekodi, kwa sababu jibu atakalopewa ndilo litakaloonyesha maadili yaliyobaki hai.