Wasichana Katika Hadithi za Safari

Mwaka 1929 vilipigwa chapa kwa Kiswahili vitabu viwili vya safari za hatari, navyo ni Kisiwa Chenye Hazina, kilichotungwa na Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Rider Haggard. Ni hadithi tamu sana. Walakini msichana wa Mpitimbi akivifungua vitabu hivyo ili amtafute mwenzake ndani yake, atachoka kabla ya kumwona.

Stevenson alikusudia hivyo. Mwenyewe alieleza ya kuwa hadithi yake ilikuwa ya wavulana, na wanawake hawakutakiwa. Hata hivyo mmoja aliponyoka akaingia, naye ni mama yake Jim. Maharamia walipokuwa wakija, wanaume wa kijiji walikataa kurudi naye nyumbani kwake kwa hofu. Mama yule akawakemea, akarudi gizani na mwanawe tu, akafungua sanduku la nahodha aliyekufa, akaanza kuhesabu fedha ya deni lake. Hakutaka kuzidisha hata senti moja, na adui wako njiani! Kweli, baadaye alizimia karibu na daraja; lakini katika wale wanaume ni nani aliyefika hata mlangoni? Basi merikebu ikatweka, mama akaachwa nyumbani, na hadithi haikuwa na haja naye tena.

Haggard naye alifanya vibaya zaidi. Msimulizi wake ajisifu kwamba habari zake hazina wanawake ila wawili tu, ajuza Gagool na msichana Foulata. Tena ni Foulata aliyemwuguza Kapteni Good hata akapona. Gagool alipotaka kuwafungia wote ndani ya pango la hazina, ni Foulata aliyemshika. Akachomwa kisu, asimwachilie upesi, hata lile jiwe la mlango likamponda ajuza. Kisha mtungaji amfanya msichana huyo aseme, naye yu katika kufa, kwamba afadhali afe, maana yeye na Mzungu wasingeweza kuoana. Hilo si haki. Aliyetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki amegeuzwa kuwa mzigo uliotuliwa njiani.

Wako wanaowatetea watungaji hao, wakisema kwamba zamani mambo ya hatari yalikuwa ya wanaume peke yao. Neno hilo halisimami Songea. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, Mkomanile alikuwa mwanamke mwenye utawala miongoni mwa Wangoni, na mwaka 1906 Wadachi walimnyonga pamoja na wakuu wanaume.

Mwaka 1940 kikatoka Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Lewis Carroll alikuwa amekitunga kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1865, kabla ya Stevenson na Haggard kutunga vyao. Elisi amfuata sungura shimoni bila kusindikizwa na mtu, abishana na malkia mbele ya baraza lake, wala hafi ili mwanamume arudi salama. Mwisho aamka, akaenda zake kunywa chai.