Mtu Hana Kwao Kuwili

Katika Pwani yetu hii hakuna swali linaloulizwa zaidi ya hili: "Kwenu wapi?" Utaulizwa barazani, utaulizwa uendapo kuposa, utaulizwa na karani wa serikali uendapo kutafuta kitambulisho. Na mara nyingi jibu letu si moja. Mtu atakwambia asili yake ni Hadhramaut, babu yake alikuwa Siyu, yeye kazaliwa Malindi, nyumba anayo Kisauni, na watoto wake wawili wako Dubai. Ukimwuliza kura anapiga wapi, atakutajia pahali pa sita, au atacheka tu. Mimi sioni kichekesho. Maoni yangu, na nayasema waziwazi ingawa najua yatawaudhi baadhi ya jamaa zangu, ni kwamba mtu aweza kuwa na asili nne lakini hawezi kuwa na kwao kuwili. Na kwamba kuchagua kwenu ni jambo la siasa zaidi kuliko jambo la nasaba.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimetupiwa mara nyingi na wazee, nami sibishani nayo. Asili haiachwi, hujulikana kwa majina yetu, kwa lafudhi zetu na kwa vyakula tuvipikavyo siku ya Idi. Lakini asili ni kitu ulichorithi bila ya kuulizwa. Kwenu ni kitu unachokichagua, ukakihudumia, nacho kikakudai. Mtu akiyachanganya mambo haya mawili huishia kuwa mgeni kila mahali, hata katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, fedha zinazotoka Nairobi hugawanywa kwa kanuni ambayo idadi ya watu ina uzito mkubwa ndani yake. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Mombasa ilipata watu 1,208,333 na Lamu ikapata 143,920. Sensa hiyo haikuhesabu makaburi ya mababu. Dawa ya zahanati, taa ya barabarani na mfereji wa maji hupangwa kwa ajili ya mtu aliyelala hapo. Basi ikiwa usingizi wako uko Mombasa na kura yako iko Faza, umejigawa mapande mawili, na hakuna pande lililo na nguvu.

Mimi asili yangu ni hiyo hiyo Faza, kisiwani Pate. Nyumba yangu iko Mombasa, upande wa Majengo, na hapo ndipo walipozaliwa na kusoma wanangu. Kila unapokaribia uchaguzi huja watu wa heshima kuniambia kwamba basi limekodiwa, nauli imelipwa na chakula kipo, kilichobaki ni mimi kwenda "nyumbani" kutia kura. Nimekataa kila mara, wala si kwa sababu siipendi Faza. Sheria yamruhusu mtu kujiandikisha katika kituo akitakacho, kwa hivyo jambo lenyewe si haramu. Lakini mgombea anayenilipia nauli amemalizana nami siku ile ile. Nikisharudi Mombasa hana haja nami mpaka miaka mitano ipite, wala mimi sina njia ya kumshika kanzu nikamwuliza alilolifanya. Tena ninawadhulumu walioko kule. Wao ndio wanaokunywa maji ya jabia mvua inapokuwa haba, wao ndio wanaomvusha mgonjwa kwa mashua usiku, na mimi ndiye niende kuwachagulia kiongozi kisha nikarudi kulala penye taa! Huo si uungwana, wala si mapenzi ya kwetu.

Na huku Mombasa nako nini hutokea? Mtaa una watu tele, foleni ya mitungi kwenye mkokoteni wa maji ni ndefu, lakini daftari la wapiga kura ni jembamba. Mwakilishi wa wadi si mjinga. Ajua ni nani awezaye kumng'oa kitini na ni nani hawezi. Asiye na kura yake hapo ni mpangaji mbele ya macho yake, hata awe na nyumba ya vyumba sita.

Tabia hii ya kuweka mguu mmoja nje ya mlango haikuanza kwetu sisi, ina historia. Mwaka 1895 Waingereza waliuchukua ukanda huu wa maili kumi kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, nao wakawa wanaulipia kodi. Kwa miaka karibu 70 babu zetu waliishi chini ya bendera mbili, wakitawaliwa na mmoja na kuhesabiwa raia wa mwingine. Ilipotungwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, waliojua njia ya kwenda kudai walipata karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Mfalme. Wengi wa Mijikenda, na Waswahili wengi pia, walijikuta ni wageni juu ya makaburi ya wazee wao. Kisha Oktoba 1963 Bwana Jomo Kenyatta na Bwana Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaandikiana barua, ukanda ukaingia Kenya, na Waislamu wakaahidiwa dini yao, makadhi wao na hati zao za ardhi. Miezi michache tu baadaye, Januari 1964, serikali ya Sultani ikapinduliwa huko huko Zanzibar. Aliyekuwa akitazama ng'ambo hakuwa tena na wa kumtazama.

Yaliyofuata twayajua. Wabajuni wa vijiji vya bara ya kaskazini walikimbia wakati wa vita vya mashifta vya miaka ya 1960, na wengi hawakurudi. Mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman aliwaita wenye asili ya huko warejee, na baadhi ya jamaa zetu wakaenda Maskati. Baadaye, mnamo miaka ya 2010 na iliyofuata, kukazuka ule usemi wa "Pwani si Kenya", na waliouanzisha wakawataka watu wasusie uchaguzi wa 2013. Malalamiko waliyoyataja mengi yalikuwa ya kweli, hasa ya ardhi. Dawa yao ndiyo iliyokuwa sumu. Mtu aliyedhulumiwa nyumbani mwake haponi kwa kutoka barazani na kuwaachia wengine wagawe chakula.

Tazama lililotokea mwaka 2010. Palikuwapo watu waliofanya kampeni kali Mahakama za Kadhi ziondolewe katika Katiba mpya. Zilibaki, na leo zimo katika kifungu cha 170, zikiamua mambo yetu ya ndoa, talaka na mirathi. Barua za 1963 peke yake hazingeweza kuziokoa. Zimo humo kwa sababu tarehe 4 Agosti 2010 thuluthi mbili ya Wakenya waliopiga kura waliikubali Katiba hiyo, wakiwamo mamilioni wasio Waislamu. Hilo ni fundisho kubwa kwetu. Ahadi ya kale huwa hai pale tu wenyewe wanapokuwapo kuidai.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Utaniambia: "Bwana we, waniambia nitie mizizi, je, mizizi huota hewani? Ardhi iko wapi?" Swali hili silikimbii, kwa maana mimi mwenyewe niko ndani yake. Nyumba yangu ni ya ile desturi yetu ya Mombasa ya nyumba bila ardhi. Kuta ni zangu, paa ni langu, lakini kiwanja ni cha mwingine, nami humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ilikuwa ni desturi nzuri katika zama zake. Kwa mila ya Pwani na kwa fikihi yetu, mtu aliweza kumiliki nyumba au mnazi bila ya kumiliki udongo ulio chini yake, na maskini akapata pa kujisitiri. Lakini leo benki haitaki dhamana ya kuta zisizo na kiwanja, na kiwanja kikiuzwa kwa tajiri mpya, mwenye kuta huambiwa abomoe aondoke na mabati yake. Maelfu wa Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe wamo katika hali hiyo.

Sasa nami nauliza: ni nani atakayeibadilisha hali hiyo? Likoni kulikuwa na shamba la Waitiki, ekari 930, lililovamiwa tangu machafuko ya 1997. Serikali ililinunua, na mwaka 2016 wakazi wakapewa hati. Palikuwa na ugomvi juu ya malipo, ni kweli, lakini hati zilitoka. Hazikutoka kwa huruma. Zilitoka kwa sababu watu wale walikaa pale, wakapiga kelele pale na wakapiga kura pale, hata wanasiasa wakaona heri kuzitoa. Mwaka huo huo wa 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, waliondoka kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na wakaupata. Wapemba wavuvi wa Kwale na Kilifi, walioishi kwetu miaka mingi bila ya kitambulisho, nao walitambuliwa mwaka 2023. Watu hawa hawakuwa na ardhi wala karatasi. Walichokuwa nacho ni kusema kwa kauli moja: kwetu ni hapa, hatuna kwingine. Neno hilo sisi wenye vitambulisho mifukoni twaona tabu kulitamka.

Wala asiniambie mtu kwamba dini yetu inamtaka Mwislamu awe msafiri asiye na mahali. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alizaliwa Makka na aliipenda Makka. Alipohamia Madina hakukaa huko kama mgeni anayehesabu siku. Alijenga msikiti, aliwaunga Muhajirina na Ansari udugu, na akaweka mkataba wa kuishi pamoja na watu wa mji, wakiwamo Mayahudi. Mwaka wa nane wa Hijria Makka ilipofunguliwa, Ansari waliingiwa na hofu kwamba sasa atawaacha na kurudi kwao. Hakuwaacha. Alirudi Madina, akafia huko, na huko ndiko alikozikwa. Basi kama asili ndiyo ingekuwa kila kitu, kaburi lake tukufu lingekuwa Makka. Hijra, kama niielewavyo mimi, ni kuhama kwa moyo na kiwiliwili pamoja, kisha kubeba mzigo wa pale ulipofikia.

Kwa hivyo simlaumu aliyekwenda Ghuba, Uingereza au Marekani. Riziki hufuatwa. Katiba ya 2010 imeruhusu uraia wa nchi mbili, na mwaka 2022 Wakenya walioko Qatar na Falme za Kiarabu waliweza kupiga kura huko huko, ingawa ni kura ya Rais tu. Huyo ninamwomba jambo moja. Akiamua kwamba kwao sasa ni huko, na awe mwana mwema wa huko, amlee mtoto wake huko bila ya kumtia uchungu wa nchi asiyoijua. Sadaka zake tutazipokea na Mungu amlipe. Lakini asituamrishe kwa simu ni nani wa kumchagua na ni nani wa kugombana naye, ilhali vumbi la ugomvi huo halitamfikia.

Anayeniuma zaidi ni huyu aliyepo na ambaye hayupo. Katika uchaguzi wa 2022 Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizojitokeza kwa uchache kabisa nchini. Waliopiga kura ya Rais hawakufika nusu ya waliojiandikisha, hali kwa nchi nzima walikaribia 65 kwa kila mia. Kura ya ugavana iliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa makosa ya karatasi, na hilo nalo liliwavunja watu moyo. Lakini nusu nzima ya mji! Watu hao hao ndio utakaowasikia kwenye kahawa baada ya Alasiri wakisema kwamba Pwani imesahauliwa. Imesahauliwa na nani kwanza?

Ninaloshauri si kubwa. Chagua pahali pamoja. Kama ni Lamu, rudi Lamu, au angalau jenga huko na ukae huko vya kutosha kuujua ubovu wa gati. Kama ni Mombasa, hamisha kura yako ije Mombasa, hudhuria kikao bajeti ya kaunti inapojadiliwa, mjue mwakilishi wa wadi yako naye akujue, na uliza suala la nyumba bila ardhi kila anapopanda jukwaani, mpaka achoke yeye kabla hujachoka wewe. Mtoto wako naye mwambie kwao ni wapi kwa neno moja, bila ya "lakini".

Haya ni maoni yangu. Mwenye yake na ayalete barazani, lakini kwanza atuambie yeye kura yake iko wapi.