Korosho Haziuzwi Zingali Maua

Ndugu zangu wakulima wa Kibiti, iko biashara inayotufukarisha nasi tunaiita msaada. Ghala ni tupu, mtoto ana homa, na mtu wa kangomba, anayenunua korosho kabla hazijavunwa, anabisha hodi na fedha mkononi. Tuseme anakupa shilingi laki moja, nawe unamwahidi kilo mia za korosho. Oktoba inafika, mnadani kilo inauzwa shilingi 2,000. Laki mbili ni zake. Wewe uliyepalilia, ukapuliza salfa, ukainama na wanao kuokota, huna kitu.

Kangomba imekatazwa, na mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza mnadani kupitia ghala la ushirika, tunao. Hata hivyo kangomba haijakoma. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi mashamba yahakikiwe kwanza, maana walikuwapo wauzaji wasio na mkorosho hata mmoja. Bei ile ilimfaa nini aliyekwisha kuuza kwa kangomba?

Wapo wanaomwita mkulima huyo mvivu. Huo ni uonevu. Anayemsukuma ni njaa, kwa hiyo dawa ianzie kwenye shamba la chakula. Wazee wetu wa Rufiji walipanda mpunga kwenye bonde la mto kabla mafuriko hayajafika, na maji yalipopungua wakapanda mahindi, kunde na maboga kwenye udongo wenye unyevu. Kilimo hicho cha baada ya maji ndicho mlau. Walijenga madungu, wakalala humo kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Hata walipohamishiwa nchi ya juu katika operesheni ya serikali ya kuwakusanya vijijini, 1968 na 1969, wengi hawakuliacha bonde. Waliendelea kushuka kulima. Walijua kwamba mwenye mahindi ndani hababaishwi na mnunuzi.

Leo baadhi yetu tumeigeukia mikorosho peke yake, na chakula tunakinunua. Najua mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, na hofu iliyobaki ni ya haki. Lakini mlau hupandwa maji yakishapungua. Aliyepoteza mpunga ndiye anayeuhitaji mlau zaidi, na asaidiwe mbegu mapema, kabla unyevu haujatoweka.

Viongozi wa vyama vya ushirika nao wasikilize. Mkulima aliyepeleka gunia ghalani akazungushwa wiki baada ya wiki, kisha akakuta makato asiyoelezwa, mwakani atamkimbilia mwenye fedha taslimu. Lipeni kwa wakati, na makato yasomwe mbele ya wanachama.

Nasi wenye mikorosho, tusilipwe mnadani, fedha yote ikaishia kwenye sherehe. Tutenge ya salfa na ya ugonjwa, tuiweke kwenye kikundi cha kijiji, ili mwenye shida akope kwa jirani zake. Mlau ulimwe kila penye unyevu. Na mtu akija na fedha za korosho ambazo hujaziokota bado, mrudishe alikotoka.