Madereva, mpisheni mwenye baiskeli

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita klabu yetu ya baiskeli ilitoka Masasi alfajiri, ile miamba mikubwa ya mji ikiwa bado vivuli, tukaelekea Newala. Kwenye tambarare, katikati ya mikorosho, ilikuwa raha tupu. Kazi ilianza tulipofika chini ya mlima wa kupandia Uwanda wa Makonde. Tulishuka mmoja mmoja, tukakokota.

Hapo tulimkuta mzee akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji, yamefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Huko juu maji ni shida tangu enzi za mababu: mchanga huyanywa, chemchemi ziko mabondeni. Sisi tulikuwa matembezini, yeye kazini. Tukamsaidia kusukuma.

Kwenye kona lori likatupita karibu mno, likagonga dumu moja na kulipasua. Lori halikusimama. Mzee aliyatazama maji yakizama mchangani, akasema tu, "Twendeni, wanangu."

Mchana tulisimama Shimo la Mungu, Newala, tukitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mandhari yale hayana mfano, lakini maongezi yetu yote yalikuwa juu ya lile dumu.

Madereva wa njia hii, nawasihi, hasa msimu wa korosho malori yanapokuwa mengi: punguzeni mwendo kwenye kona, mpisheni mwenye baiskeli. Huenda amebeba maji ya nyumba nzima.

Msomaji wako,
Masasi