Kodi isipitie kwa simu ya keateka

Tarehe tano. Mpangaji wa B4 anakuonyesha meseji kwamba alilipa, nawe lendilodi hujaona kitu. Pesa ziliingia kwa simu ya keateka, na simu imezimwa. Utamfungia mlango? Sisi tunasema huyo hana deni, alituma kwa namba aliyopewa.

Chukua Paybill, namba ya nyumba iwe ndiyo akaunti. B4 akilipa, unaona B4. Ada ipo, ndiyo. Lakini kama ploti inaingiza kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, KRA inataka asilimia 7.5 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, tena ya kodi yote, hata kama ulirekebisha bomba. Rekodi utaitoa wapi? Keateka abaki na funguo.