Saada Hana Maneno Hayo

"Saada hana maneno hayo katika utenzi." Mhadhiri wetu aliandika hivyo kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa nne wa mswada wetu, akapigia mstari mara mbili, na alama zikakatwa. Miaka imepita na bado nakereka. Si kwa ajili ya alama tu, ingawa nazo zilikuwa tamu.

Tulikuwa mwaka wa tatu. Tuliambiwa tuchague kazi ya kale ya fasihi ya Kiswahili tuigeuze kuwa utanzu mwingine. Kundi letu la watu watano lilichukua Utenzi wa Fumo Liyongo, tukatengeneza mchezo wa redio wa dakika 20, uliorekodiwa kwa simu mbili chini ya blanketi ili kuua mwangwi wa chumba cha hosteli.

Kisa unakijua, au uliwahi kukijua ukakisahau baada ya mtihani. Liyongo yuko kifungoni Pate. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake: atengenezewe mkate wa wishwa, na ndani yake ifichwe tupa. Walinzi hunyang'anya chakula kizuri, lakini wishwa wanaudharau, unapita. Kisha watu wanapiga ngoma na kuimba nje ya gereza, na chini ya kelele hizo Liyongo anakata minyororo.

Katika insha, Saada unampita kwa sentensi moja. Nimeandika insha mbili kuhusu utenzi huu na mara zote mbili nilimpita hivyo, nikapata alama nzuri. Redioni haiwezekani. Redioni mtu asiyesema hayupo. Mlango ukigongwa, lazima mlinzi aulize nani, na lazima mtu ajibu. Ndipo tulipoanza kubishana, na tulibishana hadi saa nane usiku. Huyu binti alijua? Alijua, kwa sababu ujumbe wa tupa ulipita mdomoni mwake. Basi kwa nini alikubali kuhatarisha shingo yake kwa ajili ya mwana wa bibi yake? Na asubuhi yake, minyororo imekatwa, makombo ya wishwa yako sakafuni, na walinzi wanamjua aliyeleta mkate. Wanamfanya nini? Utenzi unaondoka na Liyongo kwenda porini. Sisi tulibaki na Saada mlangoni.

Tukamwandikia jibu moja tu la kuwajibu walinzi: "Mimi mtumwa. Nimetumwa." Maneno matatu! Ndiyo hayo yaliyopigiwa mstari mwekundu.

Hoja ya mhadhiri ilikuwa uaminifu kwa matini asilia. Nataka kuuliza: asilia ipi? Utenzi tunaosoma ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, karne nyingi baada ya zama zinazohusishwa na Liyongo. Kabla yake, mwaka 1870, Edward Steere alikwisha kuchapa hadithi hiyohiyo kwa nathari. Na kabla ya wote hao, watu wa pwani walikuwa wakiisimulia na kuiimba. Kijumwa aliichukua akaitia katika mizani minane. Alichofanya ndicho tulichoagizwa kufanya sisi, isipokuwa yeye hakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Tena washairi wetu wa kale walikuwa na jina kabisa la kazi hii. Takhmisi ni nini kama si kuchukua beti za mwenzio, kila mistari yake miwili ukaiongezea mitatu yako, ukasimama naye bega kwa bega ndani ya ubeti mmoja? Ipo Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yuleyule wa Al-Inkishafi. Mwalimu Nyerere alipoigeuza tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, mfanyabiashara mmoja wa kwenye jina la Kiingereza akawa Mabepari wa Venisi, wengi. Neno bepari asili yake ni mchuuzi tu, limetoka lugha za Bara Hindi. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani Tanzania alilisikia hivyo? Jina moja lile liliifanya Venisi ihukumiwe Dar es Salaam. Hilo tunalifundisha kwa fahari, halafu mwanafunzi akiongeza maneno matatu anaambiwa ameharibu.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kipya ni kizuri. Kundi jingine darasani lilitengeneza filamu fupi: Liyongo kavaa miwani ya jua, kashika bastola, anatoka gerezani akifyatua risasi huku nyuma kunapigwa bongo fleva. Bastola hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mwenye bastola hahitaji mama, hahitaji mkate, wala hahitaji mtu wa kumwimbia. Walikifuta kiini chote cha kisa na hawakujua kuwa wamekifuta, maana walisoma muhtasari mtandaoni. Walipata alama za juu kuliko sisi. Ripoti yao ilikuwa na kurasa 25, nadharia mbili na mpangilio safi, na ripoti ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya alama. Filamu yenyewe sidhani kama ilitazamwa mpaka mwisho.

Hofu ya mhadhiri naielewa: tutarukia kubadilisha tusichokisoma. Lakini dawa aliyochagua inamwadhibu aliyesoma sana na kumwachia asiyesoma kabisa. Dawa ninayoijua mimi ni ya kizamani. Mwiteni mwanafunzi, mkae naye dakika kumi, mumuulize: hapa umeondoa nini, na kwa nini? Huyu umemwongezea maneno, aliyahitaji? Soma kwa moyo beti unazodai umezibadilisha. Wale wa bastola wasingefika dakika ya pili. Sisi tungejibu, au tungeshindwa, lakini tungeshindwa kwa haki.

Rekodi bado ninayo. Sauti ya tupa ni mwenzetu mmoja akikwaruza nondo za dirisha kwa kijiko. Tulihitaji umati wa kuimba, nao ukajileta wenyewe: majirani walikuja kugombana kwa sababu ya kelele za usiku, tukawapa kiitikio, wakakaa. Kwenye dakika ya 14, katikati ya wimbo, inasikika sauti ya mtu asiyekuwa kwenye mswada akiuliza kwa hasira, "Nyie mnafanya nini humo ndani?" Tuliiacha. Mlinzi yeyote wa Pate angeuliza hivyohivyo.