Tusingoje Mpaka Mtoto Ashindwe Kusema

Ndugu zangu wa Kyela, kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, pumu si ugeni kwetu. Karibu kila ukoo una mtu wake anayesumbuliwa na kifua. Hata hivyo, msibani tunasikia maneno yale yale: alibanwa ghafla, hatukuwahi. Kaa na wafiwa, uliza kwa upole, na mara nyingi utaambiwa kwamba marehemu alikuwa akikohoa alfajiri kwa siku kadhaa. Siku hizo za mwanzo ndizo ninazoziombea macho na masikio yenu.

Mwanzo wa pumu hauna kelele. Mtoto anakohoa usiku wa manane au karibu na mapambazuko, lakini mchana anacheza, basi tunasema ni mafua. Usiku unaofuata anaamka na kukaa kitandani. Uwanjani anaacha mpira kabla ya wenzake na kujiketia pembeni. Mama aliyezoea kufika nyumbani na ndoo yake bila kupumzika anaitua njiani. Mzee anaomba mto wa pili. Kifua kinalia, hasa wakati wa kutoa pumzi, kwa sababu njia ndogo za hewa zimevimba kwa ndani, zimejaa ute, na misuli inayozizunguka imejikaza. Mwenye dawa ya kuvuta, aliyekuwa akiitumia mara chache, sasa anaitafuta kila siku na nafuu yake haidumu. Ukiona mawili kati ya hayo kwa mtu mwenye pumu, usisubiri la tatu.

Na wilaya yetu ina mengi ya kuiamsha pumu. Mvua ya huku ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Ikifika Aprili mablanketi hayakauki na kuta zinaota ukungu. Mafua yanazunguka shuleni, nayo ndiyo huamsha pumu ya watoto kuliko kitu kingine chochote. Kisha yanakuja mavuno ya mpunga, na vumbi la mashine za kukoboa linatanda juu ya wanaosubiri zamu. Pumba hutumika kuchomea matofali, na tanuru hufuka moshi usiku kucha karibu na madirisha ya watu. Jikoni kuna kuni mbichi, mawese yanachemshwa, samaki wanabanikwa. Huko Ziwa Nyasa, siku nyingine wadudu wadogo hupanda juu ya maji kwa mawingu mazito hadi mgeni akadhani mtumbwi unaungua. Sudan, kando ya Nile, imethibitika kwamba wadudu wa maji wanaofanana nao huamsha pumu; mwenye kifua anayeishi kando ya ziwa letu ana sababu ya kufunga dirisha mawingu hayo yanapoelekea nchi kavu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtoto anayekohoa leo hawezi kuingoja 2034. Mtoeni jikoni moto unapowashwa, na alale chumba kisichopakana na moshi.

Sasa, kifua kikianza kubana ufanye nini? Mkalishe wima, ainame mbele kidogo, mikono ikiegemea magoti au meza. Usimlaze. Mlegezee nguo, mwondoe penye moshi au vumbi, na waombe ndugu wasimzunguke. Zungumza naye kwa utulivu, maana hofu huongeza kasi ya kupumua. Kama amekwisha kupimwa na kupewa dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, yaani salbutamoli, itikise vizuri, ubonyeze mara moja, avute, kisha urudie hadi mara nne. Subiri dakika nne. Hajapata nafuu, mpe nne nyingine huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Akipata nafuu isiyodumu saa nne, huyo naye ni wa kupelekwa hospitali.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa huishia mdomoni na kooni. Dawa yake ipitie kwenye chupa. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Toboa kitako chake tundu linalolingana kabisa na mdomo wa kifaa cha dawa, kipachike, na uzibe pembeni kwa gundi au plasta ili hewa isipenye. Mtoto anaweka midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Unabonyeza mara moja, anapumua humo taratibu mara tano au sita, ndipo unabonyeza tena. Mwaka 1999 Heather Zar na madaktari wenzake wa Cape Town walichapisha matokeo ya kuwatibu watoto waliobanwa na pumu kwa njia hii: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Chupa kama hizo zimetapakaa pwani yetu yote. Iandae leo, mtoto akiwa mzima, na umwombe mhudumu wa zahanati aikague.

Kuna dalili ambazo zikionekana hakuna tena kusubiri dakika nne. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta hewa. Ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, pua zinapanuka, midomo inakuwa ya kijivu au bluu. Mtoto mchanga anaacha kunyonya. Hatari kuliko zote ni kifua kilichokuwa kikilia kunyamaza huku mgonjwa akilegea na kusinzia. Hiyo si nafuu. Hewa imeacha kupita. Mpelekeni mara moja Hospitali ya Wilaya, Hospitali ya Matema, au kituo chochote kilicho karibu zaidi, na njiani muendelee kumpa dawa yake. Kwenye bodaboda akae katikati, ameshikiliwa na mtu mzima kwa nyuma.

Naomba tuache na baadhi ya mazoea. Moshi wa majani, hata ya dawa, unamwongezea mgonjwa mzigo. Amoksilini ya dukani haifungui kifua kilichobanwa na pumu, na dawa ya kikohozi inayoleta usingizi inaweza kuficha kwamba mtu anazidiwa. Wapo pia wanaoamini kwamba ukianza dawa ya kuvuta hutaiacha, hivyo wanaificha hadi siku ya mwisho. Dawa hiyo haitii uteja. Hata hivyo ile ya kufungua kifua haiondoi uvimbe wa ndani. Uvimbe hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, ya kutumika kila siku, kama beklometasoni. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, hauwashauri tena watu wazima na vijana kutegemea dawa ya kufungua kifua peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka huo wa 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu, ambako ugonjwa haupimwi au hautibiwi vya kutosha.

Walimu wetu, mtoto mwenye pumu awe na dawa yake mkononi au kwenye meza ya mwalimu wa darasa. Ikifungiwa kabatini ofisini, haitamsaidia akibanwa uwanjani. Wenye mashine, elekezeni vumbi mbali na foleni na muwape wafanyakazi wenu barakoa. Wachoma matofali, tazameni upepo unaelekea nyumba ya nani. Wachungaji na masheikh, mnasikilizwa kuliko bango lolote. Dakika tano baada ya ibada zinatosha kuonyesha chupa ile mbele ya watu.

Na wewe unayesoma, kama kuna mtu anayekohoa alfajiri nyumbani kwako, mpeleke zahanati kesho asubuhi. Uliza mambo mawili: je, hii ni pumu, na kama ni pumu, dawa yake ya kuvuta ya kila siku ni ipi? Usiondoke kabla hujajibiwa yote mawili.